Kufunga, kuficha, kufumba, kusimba: istilahi za ulinzi wa kumbukumbu ya kompyuta inapowaka

Usimbaji fiche wa kumbukumbu ni tendo la kuzigeuza data zilizomo katika kumbukumbu kuu ya kompyuta ili zisisomeke na yeyote asiye na ufunguo wake. Istilahi hii ni ndefu, na kila neno lililomo lina maisha mengine nje ya kompyuta. Simba humjia msikilizaji kwanza kama mnyama, kumbukumbu huwa za kikao au za marehemu, na fiche ni sifa ya mambo ya siri. Kwa sababu hiyo, mara nyingi mzungumzaji husema kwamba data "zimefungwa", "zimefichwa" au "zimesimbwa" kana kwamba maneno hayo yana maana moja. Kila moja lina maana yake.

Tofauti hiyo haiwahusu wanaisimu peke yao. Msomaji achukue mfano wa Mwandoya, kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu. Huko, kama ilivyo kuelekea Bariadi, mkulima wa pamba huuza mazao yake kupitia chama cha msingi cha ushirika. Karani wa chama cha namna hiyo anaweza kuwa na kompyuta ya mpakato yenye majina ya wakulima, kilo walizouza, namba zao za simu na za akaunti. Kompyuta hiyo ikiibwa, mwenyekiti atauliza: "Karani, taarifa za watu zilikuwa zimefungwa?" Karani atajibu kwa uaminifu: "Ndiyo, mwenyekiti, zilikuwa zimefungwa," kwa kuwa aliweka nenosiri. Wote wawili watakuwa wamezungumza Kiswahili safi, na wakulima watabaki hatarini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde. Ili mtu atimize wajibu huo, au aulize kama umetimizwa, hana budi kujua kitenzi kinachotaja ulinzi anaoutaka. Makala haya yanaeleza vitenzi vinne, kisha yanavitumia kufafanua tukio moja lisiloonekana kwa macho: jinsi kiini cha mfumo wa uendeshaji kinavyoisimba kumbukumbu yake mwanzoni kabisa mwa kuwaka kwa kompyuta.

Vitenzi vinne na vinyume vyake

Kufunga ni kuzuia mtu asiingie. Mlango uliofungwa haubadilishi chochote kilichomo ndani ya nyumba. Gunia la pamba hubaki gunia la pamba. Nenosiri la kuingilia kwenye kompyuta, likiwa peke yake, hufunga. Mwizi akiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, amepita dirishani, na mlango bado umefungwa.

Kuficha ni kukiondoa kitu mbele ya macho. Faili lililofichwa liko vilevile lilivyokuwa, na anayejua mahali pake hulikuta zima.

Kufumba ni kuacha jambo lionekane au lisikike huku maana yake ikizuiwa. Mtegaji wa kitendawili hutamka mbele ya wote kwamba nyumba yake haina mlango. Hakuna neno alilolificha wala sikio alilolifunga. Maneno yako wazi, ila aliye na jibu ndiye anayejua kwamba linalosemwa ni yai. Kutokana na kitenzi hiki hupatikana nomino fumbo.

Kusimba ni kugeuza maneno au tarakimu kuwa alama nyingine kwa kufuata kanuni maalumu. Kutokana nacho hupatikana msimbo, ambao ni mfumo wa alama hizo, na usimbaji, ambao ni tendo lenyewe. Umbo lake linafanana na jina la mnyama, lakini viambishi huondoa utata: husimba, imesimbwa na inasimbika haviwezi kuwa mnyama.

Vitenzi vyote vinne vina sifa moja ya kimofolojia inayofaa kuangaliwa, nayo ni kukubali kauli ya kutendua: funga huzaa fungua, ficha huzaa fichua, fumba huzaa fumbua, na simba huzaa simbua. Vunja na unguza havina vinyume vya namna hiyo, kwa sababu kilichovunjika hakirudi kuwa kizima kwa kutenduliwa tendo. Hivyo umbo la neno lenyewe limebeba sharti la kitaalamu. Kilichosimbwa lazima kiweze kusimbuliwa na mwenye ufunguo kikarudi kama kilivyokuwa, herufi kwa herufi. Data zikivurugwa bila njia ya kurudi, zimeharibiwa; hazikusimbwa.

Kinyume cha ficha kinahitaji tahadhari. Kufichua hubeba maana ya kuweka hadharani jambo ambalo mwenyewe hakutaka lijulikane: mwandishi wa habari hufichua wizi. Mwenye data anaposoma data zake kwa ufunguo wake, hafichui kitu. Anasimbua.

Kwa nini neno "fiche" linahitajika

Baadhi ya waandishi huliacha neno fiche wakidhani ni pambo. Si pambo. Kila andiko lililomo ndani ya kompyuta limesimbwa kwa maana pana ya neno hilo, kwa kuwa kompyuta hutunza namba tu. Jina Mwandoya huandikwa humo kama 77, 119, 97, 110, 100, 111, 121, 97: namba moja kwa kila herufi, kwa kanuni inayotumika dunia nzima na iliyochapishwa wazi. Hapo pana usimbaji, lakini hapana siri. Mtu akisema "data zimesimbwa" na kuishia hapo, huenda hajasema lolote kuhusu ulinzi.

Kwa hiyo husemwa usimbaji fiche, au, kwa kitenzi, kusimba kwa njia fiche. Kivumishi fiche hakichukui kiambishi cha upatanisho: msimbo fiche, misimbo fiche, lugha fiche, usimbaji fiche. Baada ya istilahi kamili kutajwa mara moja, na muktadha ukiwa wazi, inaruhusiwa kuendelea na simba na simbua peke yake, kama inavyofanyika katika makala haya.

Kanuni si siri. Siri ni ufunguo

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaujua mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: siri huwa risi, pamba huwa mbapa, kilo huwa loki. Watoto wanaweza kuzungumza hivyo mbele ya mgeni asiambulie kitu. Hata hivyo, mgeni akiambiwa kanuni mara moja tu, mazungumzo yote, ya jana na ya kesho, yamefumbuka. Udhaifu wa kinyume ni kwamba siri yake yote imo ndani ya kanuni.

Mwaka 1883 mwanaisimu Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa kusimba unapaswa kubaki salama hata pale adui anapoujua wote, ilimradi hana ufunguo. Usimbaji wa leo umejengwa juu ya wazo hilo. Kanuni iitwayo AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kufanywa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001, imechapishwa na inaweza kusomwa na yeyote. Ufunguo wake, katika umbo lake fupi kuliko yote, una biti 128. Idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39, na hakuna kompyuta inayoweza kuzijaribu zote.

Neno ufunguo limechaguliwa vizuri, lakini linapotosha kidogo kwa sababu linatokana na fungua, si simbua. Msikilizaji huweza kudhani kuna mlango. Hakuna mlango. Ufunguo huu ni namba inayochanganywa na data, na bila namba hiyo data zenyewe ni takataka.

Kumbukumbu na hifadhi

Katika mazungumzo ya kila siku, kumbukumbu ni kitu kinachodumu. Katika kompyuta mambo ni kinyume chake. Kumbukumbu kuu, ambayo wengi huiita RAM, ni mahali pa kazi pa muda: programu na data huletwa humo wakati wa kutumika, na umeme ukikatika huondoka. Kinachodumu ni hifadhi, yaani diski. Mwandishi anayesema "kumbukumbu" akikusudia diski humpotosha msomaji kuhusu kilicholindwa.

Tofauti hii ni muhimu kwa karani wa Mwandoya. Tuseme sasa kwamba diski ya kompyuta yake imesimbwa kwa njia fiche, jambo ambalo mifumo ya uendeshaji ya siku hizi huiweza. Anapofungua orodha ya wakulima, mfumo huzisimbua data na kuziweka wazi katika kumbukumbu kuu. Zaidi ya hayo, ufunguo wa diski nao hukaa humo muda wote kompyuta inapotumika. Ni kama mtu aliyefunga sanduku la fedha kisha akauacha ufunguo juu ya meza.

Kwa muda mrefu jambo hili halikutiliwa maanani, kwa kuwa iliaminika kwamba kumbukumbu kuu husahau papo hapo umeme unapokatwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani pamoja na wenzao walionyesha kwamba haisahau upesi hivyo. Katika joto la kawaida data hubaki kwa sekunde kadhaa. Walipoipoza kumbukumbu hadi nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri kwa mkebe wa kawaida wa hewa iliyoshindiliwa, chini ya asilimia 1 ya biti ziliharibika baada ya dakika 10 bila umeme. Muda huo unatosha kuvichomoa vibao vya kumbukumbu, kuvichomeka kwenye mashine nyingine na kuusoma ufunguo wa diski. Kompyuta iliyolazwa usingizi badala ya kuzimwa hubaki na umeme katika kumbukumbu yake, na kwa hiyo humpa mwizi nafasi hiyo.

Dawa yake ni kuisimba kumbukumbu kuu yenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali la wakati: isimbwe lini, na nani, ikiwa mwenye kuisimamia, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, naye anakaa ndani yake?

Kuwasha, kuwaka, kuanzishwa

Msamiati wa Kiswahili wa kompyuta ulikua kwanza upande wa mtumiaji. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Maneno kama faili, hariri na hifadhi yalikuwa na mahali pa kuonekana: kwenye menyu. Yanayotokea kabla kioo hakijaonyesha menyu yoyote hayakupata msukumo huo, na hadi leo hutajwa kwa maneno yanayogongana.

Inafaa kutenganisha matatu. Kuwasha ni tendo la mtu: karani anaiwasha kompyuta. Kuwaka ni hali ya mashine: kompyuta imewaka. Kuanzishwa, au uanzishaji, ni mfululizo wa hatua zinazotokea baina ya hayo mawili, na ndio unaohusu makala haya. Kwanza huamka programu iliyowekwa ubaoni tangu kiwandani, ambayo hukagua vifaa. Hiyo humwita kianzishi, programu ndogo ambayo kazi yake ni kukichukua kiini kutoka diskini na kukiweka katika kumbukumbu kuu. Kisha kiini hushika hatamu.

Kiini ni neno lililokwishazoeleka: kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha hoja. Katika mfumo wa uendeshaji ni ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kuzipangia programu nyingine zamu na kuongea na vifaa. Linux, kwa maana yake halisi, ni jina la kiini.

Kiini kinavyojisimba

Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitangaza teknolojia iitwayo SME, inayoiwezesha prosesa kusimba kila kinachokwenda kwenye kumbukumbu kuu na kusimbua kila kinachorudi. Prosesa za EPYC zenye uwezo huo zilitoka mwaka 2017, na kiini cha Linux kilianza kuitumia katika toleo la 4.14 la Novemba mwaka huohuo. Kanuni ni AES yenye ufunguo wa biti 128. Ufunguo huzalishwa kwa bahati nasibu na prosesa ndogo ya usalama kila mara kompyuta inapowaka, na hauonyeshwi kwa programu yoyote, hata kwa kiini. Kompyuta ikizimwa, ufunguo hupotea. Kilichobaki katika vibao vya kumbukumbu hakina tena wa kukisimbua.

Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096 kila mmoja, na kiini hutunza majedwali yanayoonyesha kila ukurasa uko wapi. Katika kila mstari wa jedwali kuna biti moja iliyotengwa kwa ajili ya kazi hii. Ikiwa 1, ukurasa husimbwa unapoandikwa na kusimbuliwa unaposomwa. Ikiwa 0, huachwa ulivyo. Katika prosesa za kwanza za EPYC ilikuwa biti ya 47, lakini kiini hakikisii: huiuliza prosesa kama uwezo upo na biti hiyo iko wapi, kisha huangalia kama msimamizi wa mashine ameagiza usimbaji uwashwe.

Ugumu uko hapa. Kianzishi kilikiweka kiini katika kumbukumbu kwa maandishi ya wazi, kwa sababu chenyewe hakijui habari za biti hiyo. Kiini kikiigeuza biti kuwa 1 bila maandalizi, prosesa itajaribu kusimbua kisichosimbwa. Maagizo yaliyo sawasawa yatageuka takataka, na mashine itakwama kabla mtumiaji hajaona herufi moja. Kwa hiyo yaliyomo hayana budi kusimbwa kwanza, mahali palepale yalipo, ndipo kiini kianze kusomwa kwa biti iliyo 1. Lakini yaliyomo ni kiini chenyewe, ambacho wakati huo kinafanya kazi. Ni sawa na fundi aliyeambiwa abadilishe ubao aliousimamia.

Fundi mwenye akili hushuka kwanza, na kiini hufanya hivyohivyo. Kipande kidogo cha maagizo, kile chenye kazi ya kunakili tu, huhamishwa hadi sehemu ya kumbukumbu iliyo nje ya mipaka ya kiini. Pamoja nacho hutengwa eneo la muda la megabaiti 2 na majedwali ya kurasa ya muda. Majedwali haya yanaonyesha mahali pamoja kwa njia mbili: kwa anwani moja biti ni 0, na kwa anwani nyingine biti ni 1. Akiba ndogo iliyomo ndani ya prosesa husafishwa ili nakala za zamani zisichanganyike na mpya. Kisha kazi huanza. Megabaiti 2 za kiini husomwa kupitia njia ya wazi na kuwekwa katika eneo la muda; halafu huandikwa mahali palepale zilipotoka kupitia njia ya kusimba; halafu megabaiti 2 zinazofuata, hadi mwisho. Njia ya wazi huwekewa kinga isiandikwe, ili isije ikaharibu kinachosimbwa.

Kazi ikiisha, mashine hurudi ndani ya kiini, safari hii kwa majedwali ambayo biti ni 1. Kiini ni kilekile, mahali ni palepale, lakini katika vibao vya kumbukumbu hakuna tena maandishi ya wazi ya kiini hicho.

Vipo vingine vilivyoletwa kabla ya usimbaji kuanza. Furushi la mafaili ya awali, ambalo kianzishi hulipakia pamoja na kiini, nalo husimbwa kwa utaratibu huohuo. Majedwali yaliyoachwa na programu ya ubaoni hubaki wazi, na kiini hulazimika kuyasoma kwa biti iliyo 0. Vifaa ambavyo husoma kumbukumbu moja kwa moja lakini anwani zake ni fupi mno kuifikia biti hiyo hutengewa eneo la wazi la kupokezana data. Sehemu kubwa ya uhandisi wa jambo hili ni kujua nini kimesimbwa na nini hakijasimbwa kwa wakati uliopo.

Ipo pia njia nyingine: programu ya ubaoni yenyewe huamuru kumbukumbu yote isimbwe kabla kianzishi hakijaitwa. Hapo kiini hakina la kufanya, na huenda hata kisijue.

Je, ni sahihi kusema "kiini hujisimba"?

Kisarufi, kiambishi -ji- kinakubalika: mtenda na mtendwa ni mmoja. Kimaana, sentensi hiyo inahitaji uangalifu. Kiini hakiujui ufunguo wala hakifanyi hesabu ya AES. Kinachosimba ni prosesa. Kiini huamuru na kupanga. Kwa maelezo ya jumla, "kiini hujisimba" inatosha. Kwa maelezo ya kiufundi ni afadhali kusema "kiini huamuru kumbukumbu yake isimbwe na prosesa", kwa kuwa usalama wote unategemea ukweli kwamba aliyeamuru hakushika ufunguo.

Mipaka ya neno "salama"

Usimbaji wa kumbukumbu humzuia anayevisoma vibao vya kumbukumbu kutoka nje. Haumzuii aliye ndani. Programu haribifu inayoendeshwa na mfumo uliowaka, ikiwa imepata ruhusa, husoma data zikiwa tayari zimesimbuliwa na prosesa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kila programu. Anayechungulia kioo begani mwa karani naye hazuiliwi. Teknolojia ya SME, aidha, huzuia kusomwa. Haihakikishi kwamba data hazikuchezewa.

Manufaa yake hukua pale data zinapokaa kwenye mashine ya mtu mwingine. Orodha ya wakulima wa Mwandoya inaweza kuwa kwenye seva iliyo Dar es Salaam au ng'ambo, ambako mashine moja hubeba kompyuta pepe za wateja wengi. Pamoja na SME, AMD ilitangaza teknolojia ya SEV, ambayo kila kompyuta pepe huwa na ufunguo wake, ili hata programu ya mwenye seva isiweze kuisoma kumbukumbu ya mteja. Hapo kiini cha mteja hulazimika kuwa makini tangu hatua ya kwanza ya kuanzishwa, kwa sababu jirani na mwenye nyumba wote ni wageni kwake.

Kwa kompyuta ya mpakato ya karani mambo ni mepesi zaidi. Si kila mashine ina prosesa yenye uwezo huu, na iliyo nao huenda haikuwashiwa. La kwanza ni diski isimbwe kwa njia fiche. La pili ni kompyuta izimwe kabisa inapobebwa, isilazwe usingizi. Hayo mawili hayahitaji prosesa maalumu, na huondoa sehemu kubwa ya hatari iliyoelezwa hapo juu.

Muhtasari wa matumizi

- *Kompyuta imefungwa kwa nenosiri.* Ni sahihi, lakini haisemi kwamba data zimesimbwa.
- *Kompyuta imesimbwa.* Iepukwe, kwa sababu haisemi ni kitu gani kilichosimbwa. Iandikwe: *diski imesimbwa kwa njia fiche*, au *kumbukumbu kuu imesimbwa kwa njia fiche*.
- *Data zimefumbwa.* Inakubalika katika maandishi ya jumla. Katika maandishi ya kiufundi usimbaji fiche ndiyo istilahi bora, kwa kuwa fumba hujumuisha pia mafumbo ya maneno.
- *Mwenye data alizifichua kwa ufunguo wake.* Si sahihi. Iandikwe: *alizisimbua*.
- *Ufunguo umehifadhiwa katika kumbukumbu.* Ina utata. Ikikusudiwa diski, iandikwe *umehifadhiwa diskini*. Ikikusudiwa RAM, *umo katika kumbukumbu kuu wakati mashine inapotumika*.
- *Kumbukumbu husimbwa kompyuta inapowashwa.* Ni ya jumla mno kwa maandishi ya kiufundi. Iandikwe: *kumbukumbu husimbwa wakati wa uanzishaji, na kiini baada ya kupakiwa*, au *na programu ya ubaoni kabla kiini hakijapakiwa*, kwa kadiri ya mashine inayohusika.

Mwenyekiti wa chama, basi, hahitaji kuijua biti ya 47. Anahitaji maswali matatu kwa Kiswahili kilichopimwa: ni kitu gani kilichosimbwa, tangu lini, na ufunguo uko kwa nani? Karani akiweza kuyajibu yote matatu, wakulima wamelindwa. Akijibu tu kwamba kompyuta ilikuwa imefungwa, mwenyekiti ana haki ya kuuliza tena.